Barua kwa mwanangu anayeandika Vita vya Shela

Mwanangu,

Ujumbe wako mdogo wako alinisomea mara mbili, maana miwani yangu imevunjika mkono. Wauliza: huyu kaandika Vita vya Shela vilikuwa 1812, yule 1813, wazee wa Lamu wana lao, wa Pate wana lao, umwamini nani? Tena mwalimu wako kakwambia mwana wa Lamu hawezi kuiandika Lamu bila kuipendelea.

Hilo la mwisho limenichekesha. Hajui kuwa mama yako ni mtu wa Pate. Jeshi lililoshuka Shela, ufuoni hapa Lamu, kutupiga likashindwa, lilikuwa la Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na watu wa kisiwa cha Pate pamoja, kwa hiyo wewe una wazee pande zote mbili. Nilipokwenda kuposa, babu yako alinitania mbele ya watu: "Vyombo vyetu mlivichukua, sasa mwataka na mabinti?" Watu wakaangua kicheko, mimi kanzu imenilowa jasho.

Mwaka usikuumize kichwa. Itaje yote miwili, uendelee.

Kuhusu wa kumwamini, kwanza tazama nani alisema na lini. Habari za Lamu ziliandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakari mwishoni mwa karne ya 19, vita vimeshapita miaka 80 na zaidi. Habari za Pate alizihadithia Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabahani waliotawala kule, na Mwingereza Stigand akazichapisha mwaka 1913. Mjukuu wa masultani akisimulia utawala wa babu zake, utamsikiliza kwa adabu, lakini sikio moja libaki wazi.

Ningekuwa wewe ningeanza na mashairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu waliishi zama zile zile, na maneno yao ni ya watu ambao hasira bado i moto. Hadithi kila msimulizi huongeza chumvi yake. Shairi likifungwa kwa vina na mizani, ukigeuza neno linachechemea na wasikiaji wanajua. Ila lina majivuno na mafumbo mengi. Litakwambia watu walijionaje, usilitake likuhesabie maiti.

Sasa nije kwenye langu, kwa kuwa vitabu si kazi yangu. Hadithi yenyewe yasema washambuliaji walipovunjika walikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekalia mchanga, maji yamekupwa, na hapo ndipo wengi walipouawa. Nimeendesha jahazi miaka 31 na ufuo ule naujua. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka kiasi cha saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Chombo kizito kikikaa, hata muwe watu mia hamkisukumi, mtangoja maji yarudi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ufuo haukauki namna hiyo. Kwa hiyo mimi hadithi hiyo naikubali, tena nakisia ilikuwa bamvua.

Lakini jiulize jambo ambalo sijasikia mzee wa Lamu akijiuliza. Manahodha wa Mombasa na Pate walijua maji kama tujuavyo sisi. Kwa nini waliacha vyombo vikae? Mtu anayekuja kupiga na kuondoka hutia nanga mbali, penye kina. Nadhani hawa walikuja wakiwa na yakini ya kukaa. Lifanyie kazi hilo, na kama nimekosea nitafurahi kuambiwa.

Wala usikomee kwenye ushindi, ugonjwa wa watu wetu huo. Baada ya Shela, Lamu kwa kuogopa kisasi iliomba himaya kwa Seyyid Said wa Oman, akaleta liwali na askari. Ngome ya hapa Lamu ikamalizika mwaka 1821, ikakaliwa na askari wake. Mombasa tuliyoishinda ilibaki mikononi mwa Wamazrui hadi 1837. Sisi tulikuwa tumeshapata bwana zamani. Ngome hiyo hiyo baadaye ikafanywa jela, hadi 1984. Wengine hapa hawatapenda ukiyaandika haya. Yaandike.

Njoo likizo hii, ila uje mwezi unapoandama. Asubuhi tutakwenda Shela kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, uone mwenyewe vyombo vinavyokaa. Alasiri maji yakijaa, Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, utapitika, twende Pate kwa bibi yako. Yeye ana ya kwake, na kinasa sauti usikitoe mpaka tumalize chai.

Mama yako akusalimu sana. Asema upande wao hawakukimbia.

Baba yako,
Lamu