Maswali ya Wasomaji: Mtoto Wangu wa Kwanza Amefariki, Je Bado Mi ni Mama Brigita?

Majina ya walioandika na ya watoto wao nimebadilisha. Barua za safari hii karibu zote zinahusu maneno ya nyumbani, ya mama mkwe, ya bibi, ya mama mzazi mwenyewe, ntaanza na ile iliyonikaa moyoni zaidi.

Tumsifu Yesu Kristo mama. Mi nipo Makambako, nina miaka 27. Mtoto wangu wa kwanza Brigita alifariki Julai mwaka juzi kwa nimonia, alikuwa na mwaka mmoja na miezi nane, ameshabatizwa. Tangu azaliwe mtaa mzima waliniita Mama Brigita, dukani, jumuiyani, hata kwenye simu ya mume wangu nimeseviwa hivyo. Mwaka jana nimejifungua wa kiume, Yohane, na watu wote ghafla wamehamia kwenye Mama Joni. Juzi kwenye grupu la jumuiya niliandika mchango wangu "Mama Brigita 5,000", usiku mama mkwe akanipigia, anasema niache kulitaja taja hilo jina, marehemu haitwi hovyo, namletea mdogo wake mkosi. Nimelia sana mpaka naona maziwa yamepungua. Ni dhambi kuendelea kujiita hivyo? Na nimjibuje mama?

Milele na milele, Amina, mwanangu. Pole sana, na pole ya kuambiwa hayo usiku ukiwa unanyonyesha.

Dhambi hamna. Wala mkosi hamna. Brigita alipobatizwa alipewa alama isiyofutika, ndivyo Kanisa linavyofundisha, na jina lake liliandikwa kwenye daftari la ubatizo la parokia pamoja na la kwako na la baba yake, nenda leo ukaombe kuangalia utalikuta palepale, hakuna aliyelipiga mstari kwa sababu amefariki. Sasa kama Kanisa lenyewe halijamfuta, nani mwingine atakwambia mama yake umfute?

Alafu kuna jambo ambalo naona wengi hatukuelezwa vizuri kwenye mafundisho. Mtoto aliyebatizwa akafa kabla hajafikia umri wa kutambua mema na mabaya, umri ambao sheria ya Kanisa inauweka kwenye miaka saba, huyo yuko kwa Mungu, Kanisa halina wasiwasi naye hata kidogo, ndo maana ukisikiliza sala za mazishi ya mtoto kama huyo hazimwombei msamaha wa dhambi, zinawaombea nyie wazazi faraja. Kwa hiyo Novemba 2 watu wanapoenda makaburini kuwaombea marehemu wote na we nenda, kaburi lipalilie, weka maua, ila sikukuu ya mwanao hasa ni ile ya jana yake, Novemba 1, Watakatifu Wote. Vaa kitenge chako kizuri uende Misa siku hiyo kama mama mwenye mtoto anayesherehekewa. Na usiku ukimlaza Yohane unaweza kabisa kusema Brigita mwanangu tuombee, hiyo ni sala, sio kuita mizimu, na mama mkwe akisikia ndivyo umweleze.

Kuhusu mama mkwe mwenyewe, nakuomba usimwone adui. Ukanda wetu huu, kwa Wabena, kwa Wahehe, kwa Wakinga, kuna wazee wengi waliozika watoto wachanga kabla hata zahanati hazijafika vijijini, na waliambiwa wanyamaze, wasilie, washike jembe wakalime, wakajifunza kwamba ukitaja unachokoza msiba mwingine. Inawezekana kabisa hata yeye ana jina lake alilolimeza miaka 40. Kwa hiyo usimjibu kwa simu wala kwenye grupu. Mfuate mchana, mkiwa mnachambua maharage au mnamenya viazi, umwambie taratibu, mama, Joni simwachi na nafurahi wakiniita kwa jina lake, ila Brigita nae nilimzaa, nikiacha kuitika jina lake naona kama nimemzika mara ya pili. Usiongeze na mahubiri. Subiri. Unaweza kushangaa yeye ndo anaanza kulia.

Na kuna mtu mmoja hujamtaja kwenye hili, mumeo. Kwetu jina la mama linashika kutokana na baba anavyoita. Mwombe akuite Mama Brigita mbele ya watu, kwa sauti, akiwa anaagiza chai au anakutafuta baada ya Misa, wiki mbili tatu tu utaona wengine wanafuata. Wanaokuita Mama Joni usiwanunie, wengi wanaogopa kutaja la kwanza wasikuone unalia, hawajui kwamba kinachokuliza ni kule kunyamaza kwao. Na ukiulizwa una watoto wangapi, sema nimezaa wawili, mmoja ametangulia. Usiseme mmoja.

Maziwa usiogope, mnyonyeshe mara kwa mara, mchana na usiku, mtoto anavyonyonya ndivyo mwili unavyotengeneza, kunywa na uji wa kutosha. Ila kama hulali kabisa au chakula hakipiti, nenda kituo cha afya uwaeleze wazi, usiishie kuambiwa omba rosari tu. Rosari omba, na hospitali nenda.

Niongeze hapa kwa dada wa Tukuyu aliyeandika kwamba mtoto wake alifia tumboni miezi nane na ndugu wanasema "ile ilikuwa damu tu". Ndaga, dada, pole. Haikuwa damu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1261 inawaweka watoto waliokufa bila ubatizo kwenye huruma ya Mungu, na inakumbusha maneno ya Yesu mwenyewe, waacheni watoto waje kwangu. Mwaka 2007 Tume ya Kitaalimungu ya Kimataifa, wale wataalamu wanaoishauri Vatikani, ilitoa hati nzima juu ya matumaini ya wokovu kwa watoto hao. Na sheria ya Kanisa, kanuni 1183, inamruhusu askofu wa jimbo kukubali mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Kama hamkufanya hayo sio kosa lako, hukuambiwa. Nenda kwa paroko ukatoe nia ya Misa, na mpe mtoto jina kama unataka, mwite mwanangu.

Mama habari za kazi. Nipo Njombe, mi Mkatoliki, mwenzangu Mlutheri wa KKKT, tulifunga ndoa parokiani kwa kibali. Mtoto wetu Tere ana miaka mitano, kabatizwa Katoliki. Bibi yake mzaa baba tunakaa nae na anampenda sana. Juzi wakati wa kulala bibi anamsalisha Baba Yetu, kafika "mapenzi yako yatimizwe", Tere kamkatiza, "Bibi umekosea, ni utakalo lifanyike!" Bibi kanuna, akasema ndo mnavyomfundisha huyu mtoto, kujipiga misalaba na kumwabudu Maria. Nyumba imepoa kama Juni. Namtetea nani?

Hakuna wa kumtetea hapo, wote wawili walikuwa wanasali vizuri! Bibi anasali kama alivyokaririshwa, "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe", sisi tunasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", mwisho yeye anasema "utuokoe na yule mwovu" na sisi "utuopoe maovuni". Sala ni ileile ya Bwana, waliotafsiri ndo walipishana. Tere ana miaka mitano, kwake kitu kikisemwa tofauti na alivyofundishwa na mama basi kimekosewa, hajamdharau mtu. Ila adabu lazima, mwambie mtu akisali hakatizwi, kisha mpeleke akaombe samahani kwa bibi, apige magoti kabisa kama tunavyofanya huku.

Alafu mfundishe zote mbili. Ndio, zote mbili. Akiwa na bibi anasali ya bibi, akiwa na we anasali ya kwenu. Ulipofunga ndoa uliahidi kufanya kila unaloweza kumlea mtoto katika imani Katoliki na mwenzio alijulishwa ahadi hiyo, ahadi ibaki, lakini haikukutaka uwafukuze Walutheri kwenye kitanda cha mtoto. Ubatizo wao Kanisa letu linautambua, Mlutheri akija kwetu habatizwi tena.

Kwa bibi, siku akiwa ametulia, mwambie kwa heshima kwamba Martin Luther mwenyewe kwenye Katekisimu yake Ndogo ya mwaka 1529 aliwaelekeza watu wajiandike ishara ya msalaba asubuhi wakiamka na jioni wakilala. Naamini atashtuka. Na Salamu Maria mfungulie Luka sura ya 1, mstari wa 28 ni maneno ya malaika, wa 42 ni ya Elizabeti, nusu nzima ya kwanza ya sala imetoka humo, na nusu ya pili tunamwambia "utuombee", hatumwambii "tunakuabudu". Asome na miwani yake, usimsomee we. Asipokubali basi, mpe chai muendelee kuishi.

Shkamoo mama. Naishi Iringa mjini, nina miaka 17, nipo kidato cha tatu. Mama yangu ni kiongozi wa jumuiya na yupo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akisali watu wanalia. Ila nyumbani ndo huyohuyo anatuita mbwa, ananiambia nitaishia kuzalishwa stendi, mdogo wangu anaambiwa ana akili za baba yake mlevi. Nikimsikia anaongoza rosari naona hasira mpaka sitaki tena kwenda kanisani. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kwanza we hujatenda ubaya kuniandikia, na hasira yako naielewa. Neno la mama linaingia kwa mtoto kuliko fimbo, nawaambia akina mama wenzangu wanaosoma hapa, binti ukimwambia mara nyingi ataishia stendi ipo siku ataamini, na hata asipoishia huko atabeba hilo neno mpaka kwenye ndoa yake. Tunawafundisha watoto kusema "Kwa jina la Baba" wakiwa hawajatoka meno yote, alafu mdomo uleule unawaita mbwa? Hapana jamani, hapana.

Papa Fransisko alikuwa na maneno yake matatu kwa familia, aliyaeleza kwenye katekesi ya Mei 13, 2015 na akayarudia kwenye Amoris Laetitia, waraka wake wa 2016 juu ya familia, namba 133: naomba, asante, samahani. Ni maneno mepesi ila kuna nyumba za Wakatoliki ambazo mzazi hajawahi kumwambia mtoto samahani, anadhani atashuka cheo.

Sasa we. Mama yako nadhani amechoka, huyo baba unayemtaja kwa neno moja la mlevi anaeleza mengi, hiyo sio ruhusa ya kuwatukana ila itakusaidia kuchagua muda. Usimwambie siku ya hasira wala akitoka jumuiyani. Ngoja saa ambayo mko wawili jikoni, umsukie nywele au umsaidie kupepeta mchele, umwambie, mama ukiniita mbwa naumia, naomba uniite jina langu. Maneno hayo tu, usimtajie rosari wala WAWATA, ukimgusa hapo ataona unamvua nguo mbele ya watu. Ukiogopa, nenda kwa mama yako wa ubatizo au wa kipaimara, kazi yake ni hiyo, sio zawadi ya Krismasi tu. Na kama kuna kupigwa kwa kuumizwa, piga 116, ni namba ya kusaidia watoto, bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

Kanisani endelea kwenda. Unamfuata Yesu, na yeye hajakuita mbwa.

Mama, nipo Uyole Mbeya, tunabatiza mwezi ujao. Naweza kumuweka mdogo wangu wa miaka 15 kuwa msimamizi? Na rafiki yangu Mmoraviani?

Sheria, kanuni 874, inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, Mkatoliki, ameshapata kipaimara na Ekaristi, anaishi maisha yanayofaa, na asiwe baba wala mama mzazi wa mtoto. Chini ya 16 ni mpaka askofu awe ameweka umri mwingine au paroko aone sababu ya haki, kwa hiyo muulize paroko wako mapema, sio Jumamosi ya mwisho ya semina. Rafiki yako Mmoraviani, kwa kuwa amebatizwa, anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, peke yake hapana. Msimamizi mmoja anatosha, mkiweka wawili awe mwanaume na mwanamke.