Sukari 9, damu 8: je, kaka alitelekezwa?

SWALI: Daktari, kaka yangu mwenye umri wa miaka 52 alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa siku 11 kwa ugonjwa wa mapafu, akipumua kwa mashine. Kila nilipoingia kumwona nilisoma karatasi iliyoning'inia kitandani: sukari milimoli 9 kwa lita, damu gramu 8 kwa desilita. Tulijitokeza ndugu wanne kuchangia damu, tukaambiwa haihitajiki. Kuhusu sukari tukaambiwa ni ya kuridhisha, kwa kuwa ndivyo utafiti unavyoonyesha. Kaka amesharudi nyumbani, lakini moyo wangu haujatulia. Je, alitelekezwa, au alikuwa akifanyiwa majaribio bila sisi kujua?

JIBU: Pole kwa kuuguza, na tunashukuru kwamba kaka amepona. Kwa namba ulizozitaja sioni dalili ya kutelekezwa. Naona madaktari waliojizuia kwa makusudi, na kujizuia huko kulifunzwa kwa gharama kubwa.

Tuanze na sukari. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,548, wengi wao wakiwa wametoka kupasuliwa, yaliyoonyesha kwamba kuishusha sukari kwa insulini hadi ilingane na ya mtu mwenye afya kulipunguza vifo katika chumba cha mahututi kutoka asilimia 8 hadi 4.6. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na si ajabu, kwani sisi madaktari tuna udhaifu wa kupenda namba iliyonyooka. Kisha, mwaka 2009, yakaja matokeo ya NICE-SUGAR, utafiti wa hospitali 42 uliowagawa wagonjwa 6,104 kwa bahati nasibu: kundi moja sukari yao ilibanwa kati ya 4.5 na 6, na kundi la pili iliachwa mradi isizidi 10. Baada ya siku 90, asilimia 27.5 ya waliobanwa walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 24.9 ya walioachwa. Sukari kushuka kupita kiasi kuliwapata asilimia 6.8 upande mmoja na asilimia 0.5 tu upande wa pili. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kukuambia kwamba anatetemeka au anaona kizunguzungu, na jasho lake ni rahisi kudhaniwa kuwa la homa. Tisa ya kaka yako, kwa hiyo, ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa.

Kuhusu damu, utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 1999 ulilinganisha wagonjwa 838. Baadhi waliongezewa damu ilipopungua chini ya gramu 10, wengine hawakuongezewa mpaka iliposhuka chini ya 7. Katika siku 30 walifariki asilimia 23.3 ya kundi la kwanza na asilimia 18.7 ya kundi la pili. Mtu wa takwimu atakuonya kwamba tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu, na ni kweli. Lakini ilitosha kuonyesha kwamba kusubiri hakukuwadhuru wagonjwa kwa jumla. Kipimo hicho hakimhusu anayevuja damu nyingi, na mwenye shambulio la moyo hufikiriwa kivyake.

Hata mashine ile ya kupumulia ina kisa chake. Zamani mgonjwa alisukumiwa pumzi kubwa, takriban mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu wake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, uliohusisha watu 861 wenye mapafu yaliyoharibika vibaya, ulionyesha kwamba kuipunguza pumzi hiyo hadi mililita 6 kulishusha vifo kutoka asilimia 39.8 hadi 31. La kustaajabisha ni kwamba katika siku za mwanzo vipimo vya oksijeni vilipendeza zaidi kwa wale wa pumzi kubwa. Aliyesimama kando ya kitanda akisoma namba, kama ulivyofanya wewe, angeapa kwamba hao ndio wanaopona.

Sasa hofu yako ya pili. Kutibiwa kwa kufuata majibu ya utafiti uliokwisha si sawa na kuingizwa katika utafiti unaoendelea. Huo wa pili hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, na mgonjwa asiyejitambua kwa kawaida huombewa ridhaa kwa ndugu zake, kwa maandishi. Pale ambapo dharura hairuhusu kusubiri na kanuni zimekubali, ndugu au mgonjwa mwenyewe huelezwa baadaye, naye ana haki ya kukataa kuendelea. Kama hakuna kati yenu aliyepewa fomu ya namna hiyo wala kuelezwa, yaelekea kaka alipata matibabu ya kawaida tu. Ukitaka uhakika, mwende pamoja na kaka, kwa kuwa faili ni lake, mkamwombe daktari aliyemhudumia awaonyeshe.