Muulize Afande Mstaafu: Marehemu keshashushwa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni konstebo, nina miezi minane tangu nitoke depo. Mwezi uliopita tulitumwa kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki. Kijana alikutwa ananing'inia kwenye mwembe. Tulipofika alikuwa ameshashushwa, kalazwa mkekani, kafunikwa kanga, na wazee wanataka kuzika kabla ya alasiri. Nikaona hapo hakuna tena eneo la tukio. Nikaandika "amejinyonga", nikasubiri wakubwa. Mpelelezi aliyekuja alinifokea mbele za watu. Nilikosea wapi?
Konstebo, mkoa wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kufokewa. Mimi nimefokewa sana, na nimefoka pia.

Kosa lako kubwa ni lile neno moja, "amejinyonga". Nani kakwambia? Ndugu. Daktari alikuwa bado hajautazama mwili. Ungeandika hivi: mwili wa mwanamume umelazwa chali mkekani chini ya mwembe, umefunikwa kanga, fulani ameeleza kuwa aliukuta ukining'inia. Ulichokiona kwa macho yako kikae peke yake, ulichoambiwa kikae peke yake, na kila kimoja kiwe na saa yake.

Kuhusu eneo kuvurugwa, vijijini kwetu hiyo ni kawaida. Mzazi gani atamwacha mwanawe tawini akasubiri pikipiki ya polisi? Mimi nisingeweza. Kwa hiyo usiwagombeze, waulize. Nani alikata kamba, kwa panga la nani? Miguu ilikuwa inagusa chini? Kulikuwa na kigoda, na sasa kiko wapi? Kanga hii imetoka nyumba gani? Usidharau hilo la kanga. Imekuja na nywele na nyuzi za ilikotoka, na ikishamfunika marehemu zinabaki kwake. Usipoandika, baadaye mtahangaika kumtafuta mama ambaye kosa lake ni kutoa kanga ya kumsitiri maiti.

Halafu fundo. Usilifungue kamwe. Kitanzi kilichobaki shingoni usikivute, mwachie daktari. Ikibidi wewe mwenyewe kukata kamba, kata mbali na fundo, kisha funga uzi kwenye ncha mbili ulizokata ili zisichanganywe na zile zilizokatwa na panga la ndugu. Kipande kilichobaki tawini nacho kishushwe. Wengi hukisahau, kinabaki kule juu kinanyeshewa mvua. Pima kutoka tawini hadi ardhini.

Mwilini, tazama na uandike bila kuhukumu. Mara nyingi alama ya aliyening'inia hupanda kuelekea fundo, na ya aliyekabwa kwa kamba huzunguka shingo ikiwa imelala. Nasema mara nyingi. Damu nayo moyo ukisimama hushuka kwa uzito wake na kuacha mabaka ya zambarau. Huanza kuonekana ndani ya saa kama 2, na kati ya saa 8 na 12 yanakuwa yameganda mahali pake, hata ukiugeuza mwili hayahami. Aliyening'inia muda mrefu huwa nayo miguuni na mikononi. Ukiyakuta yameganda mgongoni na watu wanasema wamemshusha sasa hivi, sogea pembeni umpigie mkuu wako wa upelelezi, tena kimyakimya.

Kukadiria saa ya kifo kwa ubaridi wa mwili kuache. Hewa ya Tanga mchana inafika nyuzi 30 na zaidi, mwili wa mtu ni 37. Utapoa kwenda wapi?

Wazee wanaotaka kuzika, kaa nao mkekani. Waeleze kwa adabu kwamba kifo kisicho cha kawaida huchunguzwa kwanza, kibali kikitoka ndipo azikwe, na kwamba utamhimiza daktari awahi. Kisha mhimize kweli.

Nikupe langu la aibu. Miaka ya themanini, nikiwa koplo, niliingia usiku kwenye nyumba ya udongo ambamo mtu alikatwa mapanga. Koroboi ilikuwa mezani inawaka. Nikaichukua nimulike sakafu, nikaiweka kizingitini, nikaendelea na kazi. Mjane alisema amemtambua muuaji kwa mwanga wa ile koroboi. Mahakamani wakili akaniuliza swali moja tu: ulipoingia, taa ilikuwa umbali gani kutoka kitandani? Sikuwa nimeandika. Mahakama zetu zinataka kujua taa ilikuwa ya aina gani, mwanga wake mkali kiasi gani, shahidi alikuwa mbali kiasi gani, na Mahakama ya Rufani ililiweka wazi hilo mwaka 1980. Mtuhumiwa akaenda nyumbani. Kama ndiye au siye, mimi niliuzima ushahidi kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo naingia mikono mfukoni mpaka niwe nimepiga picha: ya mbali, ya kati, ya karibu. Ile ya karibu weka rula, ukikosa hata kiberiti, ukubwa uonekane.

Vielelezo: nguo yenye damu ikauke kivulini, iingie bahasha ya kaki. Kwenye mfuko wa nailoni itaoza kabla haijafika kwa Mkemia Mkuu. Kila anayekipokea asaini, tarehe na saa. Mikono ya marehemu ivishwe mifuko ya karatasi.

SWALI: Afande, mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Tulikuta maiti shambani, mvua inakuja, polisi wako mbali. Tunaruhusiwa kugusa chochote?
Mwenyekiti, Muheza

JIBU: Ndugu mwenyekiti, kwanza hakikisheni ni maiti kweli. Akiwa anapumua, kimbizeni hospitali, mengine yatajulikana baadaye. Akiwa amefariki, zungushieni kamba ya katani, mbali kuliko mnavyodhani inatosha, na mtakaoingia mpite njia moja. Alama ya kiatu ifunikeni kwa karai lililopinduliwa, na jiwe juu yake upepo usilipeperushe. Andika majina ya wote waliokwishafika mwilini, na lako liwemo. Karai nalo liandike ni la nani, maana mwenyewe atakuja kulidai siku hiyohiyo.