Barua kwa mwanangu: kabla hujampa mtu kinywa chako

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Babaako anakusalimia, na bibi kila simu ikilia anauliza kama shavu lako limeshapungua, hata simu yenyewe isiwe yako.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. Umeniuliza: utoe magego yako ya mwisho yote manne siku moja, kwa dawa ya usingizi, kwa yule daktari wa hapo mjini Unguja, au uvuke Dar kwa yule bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, anayesema yatoke mawili ya chini tu, kwa sindano ya ganzi, upande mmoja kwanza. Unataka nikwambie yupi. Mimi nataka kujua jambo jengine kabla ya hilo. Yupi kati yao alikwambia ubaya wa kazi yake kabla hujamuuliza?

Maana hukuniandikia. Umeandika bei, umeandika ruhusa ya kazini, umeandika kwamba kliniki ya mjini picha ya taya zima inatoka hapo hapo na unaiona kwenye kompyuta. Vizuri, picha ni kitu kikubwa, na nitakwambia kwa nini. Lakini picha ilitazamwa na nani, na alipoitazama alikwambia nini?

Neno langu unalijua tangu uko skuli: ubaya usemwe kabla. Ukisemwa kabla ni nasaha, ukisemwa baada ni udhuru. Babaako ananicheka kwamba nalitia kila mahali, hata kwa fundi wa paa. Na acheke. Kwa daktari nalitia mara mbili.

Kisa cha mamaako mdogo unakijua, ila umekijua kwa kusimuliwa mezani. Mimi nilikuwemo chumbani. Ilikuwa katikati ya msimu wa karafuu, yeye ana miaka 23, umri hasa wa magego hayo, kwani kwa watu wengi hutoka baina ya miaka 17 na 25. Taya likiwa na nafasi yanasimama, likikosa yanalala na kumsukuma jirani. La kwake la chini kushoto lilichungulia nusu, nusu nyengine imefunikwa na ufizi, na chakula kikawa kinaingia chini ya ule ufizi. Ukavimba, ukatoa usaha, ukatulia, ukavimba tena. Usiku tukikaa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, yeye anaokota karafuu mbichi kwenye jamvi hilo hilo, anaitafuna kidogo, anaibana pale. Inatuliza, sikatai, na mtu wa Pemba hawezi kukataa. Ndani ya mafuta ya karafuu mna yujenoli, na madaktari wa meno wenyewe wanaitumia. Lakini inatuliza tu, haiondoi usaha, na ukiibana sana inakuunguza ufizi. Ndivyo alivyovuta siku. Hata asubuhi moja akaamka kinywa hakifunguki zaidi ya upana wa kidole, na babu yako akasema sasa basi.

Tukampeleka kwa bwana mmoja aliyesifika kwa mkono mwepesi. Simtaji, ana watoto wake. Alimtazama kwa tochi, akasema, "Dakika tano." Hakupiga picha. Hakumuuliza ana maradhi gani, anatumia dawa gani, wala hakusema kwamba usaha umejaa na huenda ni bora kumpa dawa kwanza utulie. Alimchoma sindano na hata ganzi haikuwahi kukolea akaingiza koleo. Mamaako mdogo alinishika mkono hapa juu ya kiwiko. Kisha nikalisikia jino likikatika, sauti ndogo tu, kama ganda la konokono chini ya kiatu. Yule bwana akatoa kichwa cha jino, akakitia kwenye bakuli, akasema tayari. Mizizi ilibaki ndani. Hilo hakulisema.

Siku ya tatu maumivu yakapanda mpaka sikioni, kinywa kikanuka, na shimo likawa tupu, lile bonge la damu linaloliziba limetoka na mfupa uko wazi. Lililotutisha zaidi ni mdomo wake wa chini, nusu ya kushoto, na kidevu. Hakuna hisia. Chai inamtiririka na yeye anaendelea kuzungumza. Yeye, msomaji wa kasida, ambaye hakuna maulidi hapa kwetu asiyeitwa, akawa anajifunika kwa mtandio akila.

Tukarudi kwa yule bwana. Nikamuuliza kwa adabu, nikamwita mzee wangu, kama ganzi ile ni ya kawaida na itachukua muda gani. Alikuwa anapangusa koleo kwa kitambaa. Hakunitazama. Akasema, "Mbona wengine hawalalamiki?"

Neno hilo, mwanangu, bado ninalo. Nikiwa jikoni peke yangu namjibu, na kila siku jibu linakuwa jengine. Kuumia kwa mamaako mdogo nimemsamehe, wallahi nimemsamehe. Lile neno bado.

Babu yako akatoa pesa za karafuu, tukapanda boti Mkoani, Unguja, tukavuka Dar, mpaka Muhimbili. Huko nako tulisubiri sana, sitaki udhani ni peponi. Lakini daktari aliyetupokea alivuta kiti akakaa, akaiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kimya, kisha akageuza bahasha yake na kuchora kwa kalamu: taya, jino, mizizi miwili, na chini yake mstari. Akasema, huu ni mfereji ndani ya mfupa, umebeba mshipa wa fahamu unaokupa hisia ya mdomo wa chini na kidevu. Kwa watu wengine mizizi ya gego la mwisho iko mbali nao, kwa wengine inaugusa. Wako unagusa. Akachora mshipa mwengine upande wa ndani, wa ulimi, akasema huo nao hupita karibu na tunakuwa na hadhari nao. Kisha akamtazama yeye mgonjwa, si mimi wala babu yako, akamwambia: mzizi mmoja umeoza, nitautoa. Wa pili umekumbatia mfereji, nikiuchokoa naweza kukuzidishia ganzi, nikiuacha upo uwezekano siku moja ulete usaha. Naona tuuache na tuuangalie. Ganzi uliyonayo, kwa wengi huondoka baada ya wiki au miezi. Isiyoondoka kabisa ni ya wachache, hawafiki 1 katika 100, ila wewe utakuwa kundi gani siwezi kukuahidi.

Mamaako mdogo alilia pale pale, na nilijua si kwa woga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kitu juu ya kinywa chake mwenyewe.

Alipomaliza kusafisha shimo akalijaza dawa, na chumba kizima kikanuka karafuu. Mgonjwa kinywa wazi, nusu ya uso ganzi, akasema kwa kubabaika, "Nimevuka bahari, karafuu imenitangulia." Daktari akacheka hadi akaweka vyombo chini. Mimi nikikumbuka hapo nafurahi mpaka leo.

Sasa wewe utaniambia, Mama, yote hayo, mbona hujanijibu? Nakujibu. Na katika kukujibu nimebishana na nafsi yangu siku kadhaa hizi.

Kwanza nilitaka kusema: kimbia kila anayevunja jino. Lakini si haki. Meno huvunjika hata mikononi mwa mabingwa, na kuna mahali daktari anakata kichwa cha gego makusudi na kuiacha mizizi, kwa sababu imeushikilia ule mshipa. Kwa hiyo mzizi kubaki si dhambi. Yule bwana angesema tu, "Umevunjika, umebaki, nenda ukapigwe picha," nisingekuwa na kisa cha kukuandikia leo. Ubaya usemwe kabla, na ukizuka katikati, usemwe hapo hapo.

Halafu nikataka kusema: toa mawili tu, ya juu hayakuumi, ya nini kuyagusa? Mtoto wa ami yako aliyeko Uingereza aliniambia kwamba huko, tangu mwaka 2000, mwongozo wa hospitali za serikali ni kutotoa gego la mwisho ambalo halina maradhi. Nikaona hapo ndipo penye akili. Kisha nikawakumbuka wa Marekani, ambako vijana wengi wanatolewa yote kabla ya kufika umri wako, na madaktari wao nao wamesoma. Na nikamkumbuka mamaako mdogo na karafuu zake, kuvuta siku kulivyomfikisha. Miaka ikienda mizizi inakamilika na mfupa unakuwa mgumu, kazi inazidi uzito. Wewe una 27. Basi yule anayesema yote manne hakuzua kitu. Ila magego ya juu kuna uwazi wa mfupa juu yake unaopakana na pua, nao una mambo yake. Je, alikwambia? Unaona, narudi pale pale.

Dawa ya usingizi siiogopi kama bibi yako, ambaye bado anaiita nusukaputi na kusoma Yasin. Ninachotaka kujua ni nani atakayekaa kichwani kwako wakati daktari anafanya kazi. Anayekata jino asiwe ndiye huyo huyo anayeangalia pumzi yako. Awepo mtaalamu wa usingizi, iwepo oksijeni, na pawe mahali ambapo likitokea la kutokea hukimbizwi kwa teksi. Ganzi ya sindano haina mlolongo huo, na kwa magego mawili watu wengi inawatosha.

Nenda tena kwa wote wawili, na safari hii mdomo wako uwe wa kuuliza kabla ya kuwa wa kutolewa jino. Mwambie kila mmoja akuoneshe kwa kidole kwenye picha mfereji uko wapi na mizizi yako iko umbali gani nao. Akisema picha ya kawaida haioneshi vizuri na anataka ile inayoonesha pande zote, usidhani anatafuta pesa, hiyo inaweza kuwa ndiyo dalili ya mtu makini. Muulize amesomea upasuaji wenyewe au meno kwa jumla, na magego yaliyolala kama yako huyatoa mara ngapi. Daktari wa meno mzuri huyatoa mengi tu, si lazima bingwa kwa kila jino, ila lililolala juu ya mshipa nalitakia bingwa. Wa Dar jina lake lazima liwe kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize mkikwama atampeleka nani. Kisha mtazame uso wakati unauliza. Akikasirika kwa swali ukiwa bado hujalipa, atakuwaje siku ya tatu ukirudi na shavu?

Ukinibana sana nitakwambia moyo wangu umeelemea wapi, na nadhani umeshajua. Nilianza kuliandika jina lake hapa nikalifuta. Kinywa ni chako, na mimi sikuwaona wala sikuwasikia. Nasema tu kwamba safari ya boti inayochukua kama saa mbili si safari ya kumfanya mtu achague kwa uvivu, na kadi yako ya bima, ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uulize mapema inalipa kipi na wapi.

Siku ya kazi yenyewe usirudi peke yako, popote utakapokuwa. Uma kile kitambaa walichokupa mpaka damu itulie, weka barafu shavuni juu ya kanga, usisukutue wala kutematema siku ile ya kwanza. Dafu nitakuletea, lakini utakunywa kwa bilauri. Mrija unavuta lile bonge la damu na ukilivuta utajuta siku ya tatu. Urojo usiuguse, najua utautaka. Uji mwepesi wa mchele, mbatata za kuponda, bokoboko likipoa. Kesho yake ndiyo uanze maji ya chumvi ya uvuguvugu, taratibu. Kuvimba kutazidi siku ya pili na ya tatu kisha kutashuka, usitishike. Kutisha ni ikiwa uvimbe umeteremka chini ya taya kuelekea shingoni, mate hayamezeki au pumzi inakuwa nzito. Hapo hata usiku wa manane nenda hospitali kubwa, usinipigie mimi kwanza.

Kabla hujamlipa yeyote, mpigie mamaako mdogo. Hapendi nimsemee, na yeye anajua namna ya kuuliza kuliko mimi. Babaako anataka umtumie ile picha kwenye simu, anasema ataitazama mwenyewe. Mpelekee tu. Na kazini omba wiki nzima, usiombe siku mbili.

Mamaako