Nani Anakula Sadaka? Majibu kwa Wanaobuni Miungu

Barua za safari hii zimetoka kwa waandishi wa hadithi za fantasia na wabunifu wa michezo ya kuigiza wahusika. Zimefupishwa.

Mhariri, nimebuni miungu kumi na wawili: wa vita, wa mapenzi, wa bahari, wa mavuno na kadhalika. Wawili waliosoma rasimu wanasema hawawezi kuwatofautisha. Kasoro iko wapi? (Kalamu Butu)

Kasoro ni kwamba umewagawia kazi kama wizara za serikali. Dini za kale za miungu wengi hazikukaa kwa unadhifu huo. Mars wa Warumi tunamjua kwa vita, lakini katika kitabu cha kilimo cha Mrumi Cato, cha karne ya 2 KK, mkulima anamwomba Mars huyohuyo akinge mashamba, mifugo na watu wa nyumbani dhidi ya maradhi. Apollo wa Wagiriki alituma tauni, na ndiye aliyeombwa aiondoe. Mungu huanza na tabia; kazi humfuata.

Jaribu hivi. Chukua mungu mmoja, umpe mambo matatu yasiyofanana, kisha tafuta sababu moja inayoyafunga pamoja. Tumbuni mmoja hapa: Seroha, wa mji ulio kando ya mto unaofurika mara mbili kwa mwaka. Yake ni mafuriko, madeni na mapacha. Maji hufuta mipaka ya viwanja, hivyo yakipungua makuhani wake hupima ardhi upya, na anayepima ardhi ndiye anayejua nani anadaiwa nini. Mapacha ni wake kwa kuwa maji huja mara mbili. Sasa mdaiwa anaombea mafuriko makubwa, mdai anaombea madogo, na wote wamepiga magoti mbele ya mungu mmoja, hekalu moja, pengine asubuhi ileile. "Mungu wa maji" asingekupa tukio hilo.

Kipimo chake: mvuvi yuko safarini, mtoto wake anaumwa nyumbani. Anamwomba nani? Jibu likiwa moja na lisilo na ubishi, miungu wako wamepangwa mno. Kama mama mkwe wake angemwomba mwingine na wawili hao wakanuniana kwa sababu hiyo, umefika. Na kumi na wawili ni wengi kwa riwaya moja. Watatu wafanye kazi mbele ya msomaji. Waliobaki watajwe kwenye viapo, majina ya siku na matusi.

Makuhani wangu wanavaa majoho na kuimba. Zaidi ya hapo sijui wanafanya nini kutwa nzima. (Msomaji wa siku nyingi)

Anza na asubuhi yao. Katika mahekalu ya Misri ya kale, kuhani alivunja lakiri ya kijumba cha sanamu, akafukiza ubani, akaisafisha sanamu, akaivisha nguo, akaipaka mafuta na kuitengea chakula. Alipomaliza alifunga mlango na kufagia nyayo zake akiondoka. Ni kazi ya mtumishi wa chumbani, na ndivyo walivyojiita: hem-netjer, neno tunalolifasiri kuhani, maana yake ni mtumishi wa mungu. Chakula hakikutupwa. Kilihamishiwa mbele ya sanamu nyingine, kisha makuhani wakagawana.

Tena wengi wao hawakuwa wa kudumu. Walikuwa na zamu nne, kila moja ikitumikia mwezi mmoja na kurudi nyumbani kwa miezi mitatu. Mwaka 238 KK amri ya Canopus, iliyotolewa na mkutano wa makuhani wa Misri, ikaongeza zamu ya tano. Hili ni dhahabu kwa mwandishi. Kuhani wako anaweza kuwa karani au mfanyabiashara ambaye mwezi huu amenyoa nywele na hagusi mkewe, na mwezi ujao yuko sokoni. Siku yenye hatari kwake ni ile ya makabidhiano. Mafunjo ya Abusir, hati za hekalu la Misri za milenia ya 3 KK, yana orodha za vyombo vya hekalu pamoja na ubovu wa kila kimoja. Zamu inayoingia inahesabu mbele ya zamu inayotoka: bakuli la shaba, mdomo umepasuka, kikombe cha fedha, hakionekani. Kimya kinachofuata hapo ni sura nzima ya kitabu.

Kisha piga hesabu. Ni rahisi kuandika "kila siku huchinjwa kondoo dume mmoja" bila kuuliza anatoka wapi. Madume 365 kwa mwaka ni sawa na wana-kondoo 730 waliofikia umri, kwa sababu nusu watakuwa majike. Ukichukulia kila jike anazaa mmoja kwa mwaka na mmoja kati ya watano anakufa, unahitaji majike zaidi ya 900. Hao wanataka malisho, wachungaji, maji na mtu wa kuwahesabu. Taa nayo: utambi mmoja mdogo ukila mililita 10 za mafuta kwa saa, ni karibu robo lita kwa siku, lita 88 kwa mwaka. Hekalu lenye taa 40 zisizozimwa linamaliza lita 3,500. Mashamba ya mafuta hayo yalikuwa ya nani kabla hayajawa ya mungu? Hapo ndipo penye warithi wenye kinyongo.

Ngozi zisisahaulike. Athens ya karne ya 4 KK iliuza ngozi za wanyama wa dhabihu na kuchonga mapato yake kwenye jiwe. Nyama ndiyo yenye utamu zaidi. Wagiriki waliwachomea miungu mifupa ya mapaja iliyofunikwa kwa mafuta, nofu wakala wenyewe. Kwa Seroha, tuseme paja la kulia ni la kuhani mkuu, maini ni ya mpima ardhi, kichwa ni cha mwasha taa, utumbo ni wa wafagiaji. Andika karamu moja ambayo mpima ardhi ananyoosha mkono kwenye paja, na msomaji atakuwa ameelewa vyeo vyote vya hekalu hilo bila kusomewa orodha.

Mafunzo ya kuhani yachukue muda gani?

Inategemea kosa lake linagharimu nini. Mabikira wa Vesta, makuhani wa kike waliotunza moto mtakatifu wa mji wa Roma, walichaguliwa wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 10 na kutumikia miaka 30: kumi ya kujifunza, kumi ya kutenda, kumi ya kufundisha. Mgawanyo huo unafaa kuazimwa, kwa sababu unakupa watu wa rika tatu wanaofanya kazi moja kwenye chumba kimoja. Moto ukizimika zamu yako, ulichapwa.

Miiko ya kuhani itungwe vipi isionekane ya ovyo? (Binti wa Mchapaji)

Mtazame Flamen Dialis, kuhani wa Jupiter mjini Roma. Hakuruhusiwa kupanda farasi, kuliona jeshi lililojipanga nje ya mpaka mtakatifu wa mji, kula kiapo, kugusa maiti, wala hata kutaja maharagwe au mbuzi. Nguo zake hazikuwa na fundo. Hakulala nje ya kitanda chake usiku tatu mfululizo, na miguu ya kitanda hicho ilipakwa udongo.

Kwa haraka ni vituko. Ukiipanga utaona miiko mingi inaelekea upande mmoja: huyu ni mtu asiyefungwa na kitu na asiyeguswa na kifo. Utaona pia inakomnyima. Asiyepanda farasi wala kuona jeshi hawezi kuongoza vita, na huko vita ndivyo vilivyopandisha watu. Kiti hicho kilikaa kitupu kuanzia 87 KK hadi 11 KK.

Basi chagua wazo moja, utoe miiko mitano hadi saba, si zaidi. Miwili imsumbue kila siku, mmoja umzibie jambo analolitaka sana, na mmoja uwe na mwanya unaojulikana na kila mtu ila hausemwi. Kuhani wa Seroha, ambaye wazo lake ni kwamba maji hayafungwi, asinywe maji yaliyolala mtungini na asivuke mto kwa daraja. Anaitwa ng'ambo usiku wa mafuriko kuna mzazi wa mapacha; mtumbwi umechukuliwa na maji, daraja lipo. Mwanya wake: amebebwa mgongoni, kwa hiyo aliyevuka ni mbebaji. Nusu ya mji inakubali, nusu inacheka.

Panga na bei ya kuvunja, kwa ngazi: kosa linalolipwa kwa kuoga, linalolipwa kwa mbuzi, linalolipwa kwa kuvuliwa cheo. Mwiko wowote ambao hadithi nzima hauvunjwi wala haukaribii kuvunjwa, ukate.

Ulimwengu wangu hauna uchawi. Makuhani watapata wapi nguvu ya kumtikisa mfalme?

Kwenye kalenda. Huko Roma mapontifeksi, baraza la makuhani wakuu, ndio walioamua lini mwezi wa ziada uingizwe ili mwaka wa siku 355 ulingane na majira. Mwaka mrefu ulimwongezea muda rafiki aliye madarakani, mfupi ulimpunguzia adui. Mambo yalivurugika kiasi kwamba Julius Caesar, mwenyewe akiwa pontifeksi mkuu, alilazimika kuufanya mwaka 46 KK uwe na siku 445 ili kuyarudisha mahali pake. Wape makuhani wako mamlaka ya kutangaza siku isiyofaa kwa kesi, na mfalme atawahitaji kila wiki. Vilevile wape hazina: ya Roma ilitunzwa katika hekalu la Saturn. Anayeshika ufunguo wa sanduku haombwi kwa ukali.

Na kama miungu wangu wapo kweli na wanajibu maombi? Naona hadithi inakosa mashaka. (Mchora Ramani)

Weka mambo matatu katikati ya ombi na jibu: gharama, ucheleweshaji na mfasiri. Mfasiri ndiye wa kumshughulikia zaidi. Kabla ya vita Warumi waliwatazama kuku watakatifu wakilishwa. Wakila kwa pupa hadi chembe zidondoke, ishara ni njema. Inasimuliwa kwamba mwaka 249 KK, huko Drepana, jemadari Publius Claudius Pulcher aliambiwa kuku hawataki kula. Akaamuru watupwe baharini: kama hawali, basi wanywe. Alishindwa vibaya. Upande wa pili yupo Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, aliyenung'unika kwamba kuku waliofungiwa na njaa hawana budi kula, hivyo ishara ilikuwa imepikwa tangu tunduni. Mtunza kuku ni mhusika mzuri kuliko kuku, na pengine kuliko jemadari.

Kwa Seroha, jibu linaweza kusomwa kwenye ngazi 24 za mawe zinazoshuka mtoni. Maji yakifika ya kumi na tano, amekubali. Mungu ni wa kweli na maji ni ya kweli, ila leo yamesimama kati ya kumi na nne na kumi na tano, kuna wimbi dogo, na kuhani aliyeinama kusoma anadaiwa na mwombaji. Epuka tu kosa la kubadili kanuni katikati: kama sura ya 3 jibu lilichukua siku thelathini, sura ya 20 lisije kwa dakika mbili kwa sababu shujaa amezingirwa.

Naandika kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza. "Mungu wa kike" kila ukurasa inachosha. Halafu, ni "miungu walikasirika" au "miungu ilikasirika"? (Fundi wa Maneno)

"Mungu wa kike" iandike mara moja, au usiiandike kabisa. Viambishi vyetu havibagui jinsia, nayo ni bahati: unaweza kumweka Seroha sura tatu bila msomaji kujua ni mume au mke, kisha ukamfichua kwa kinywa cha mwombaji: "Bibi, maji yamefika mlangoni." Mama, Bibi, Shangazi hubeba jinsia pamoja na uhusiano. Mungu anayeitwa Shangazi tayari ana haki ya kukukemea, na hana lazima ya kukulisha.

Kwa upatanisho, kanuni ya viumbe hai inataka "walikasirika", ndiyo inayofuatwa hapa. Hata hivyo "miungu mingine" ya tafsiri ya Biblia imezoeleka masikioni, na tofauti hiyo ni chombo. Mwumini aseme "miungu wamekataa". Asiyeamini aseme "miungu imekataa", kama anayetaja miti au mizigo. Usieleze popote. Mjulishe tu msahihishaji mapema, la sivyo atazisawazisha zote usiku mmoja.

Majina ya vyeo yaangalie pia. Padre, askofu, shehe na imamu humrudisha msomaji kwenye dini anazozijua. "Kuhani" liko huru zaidi, lakini lina mtego: kuhani ni pia kwenda kuwapa pole wafiwa, kwa hiyo "alikuja kuhani" inasomeka kwa njia mbili. Kama makuhani wako ndio wanaozika, uache mtego ufanye kazi. Kama sivyo, waite kwa shughuli zao: Mpima, Mwasha Taa, Mla Paja.