Simbi, duara jeupe na hirizi kwenye sanduku la babu

Mkuu, umeuliza kuhusu vitu vitatu mlivyokuta kwenye sanduku la marehemu babu huko Magu, Mwanza: simbi mbili (kombe ndogo za baharini), kipande cheupe cha duara chenye tundu, na kimfuko cheusi cha ngozi. Unasema baadhi ya ndugu wanataka vichomwe, na wengine aitwe mganga apige ramli. Naomba msifanye yote mawili.

Simbi hazizaliwi kwenye ziwa letu la Viktoria. Ni kombe za Bahari ya Hindi, zilizopanda bara na misafara ya biashara. Ng'ambo ya Uganda zilitumika kama fedha, na mpaka leo Waganda pesa wanaiita ensimbi. Kwa hiyo mvaaji alivaa mali kwanza, kinga ikafuata. Geuza uone ule mdomo wenye meno: wapo waliouona kama jicho lililosinzia, ikawa kinga ya kijicho, wapo waliouona kama maumbile ya mwanamke, ikawa dawa ya uzazi. Mgongo ukiwa umesagwa, ni ili uzi upite.

Hilo duara ndilo la kuangalia kwa makini. La asili ni kitako cha kombe ya baharini yenye umbo la pia, kimekatwa na kusuguliwa. Huku bara kilikuwa kitu cha wakubwa, maana hakikupatikana kirahisi. Lakini wafanyabiashara walileta pia ya kuiga, ya udongo wa kauri kama wa vikombe, kioo na baadaye plastiki. Pima hivi: tafuta mstari unaozunguka kama ganda la konokono kutoka katikati kwenda nje, kisha uligusishe duara shavuni. Kombe ni ya baridi na nzito. Plastiki nyepesi na hupata joto upesi. Mstari usipoonekana upande wowote, uwezekano mkubwa ni la kuiga. Msilichome kwa sindano ya moto kulijaribu, mtaliharibu.

Kimfuko hicho kwa maelezo yako ni hirizi. Neno lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya kinga. Kwa kawaida ndani huwa na karatasi yenye aya, imekunjwa ikawa ndogo, ikashonewa ngozi au kitambaa. Asiye Mwislamu naye aliivaa, kwa sababu maandishi yaliyofungwa yalionekana kuwa na nguvu hata kwa asiyeyasoma. Msiifumue: karatasi ya zamani hukatika kwenye mikunjo. Ikiwa ndani mna unga, usiuonje wala kuunusa.

Kutunza: futa simbi na duara kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo tu, uanike kivulini. Ndimu, siki na dawa ya kung'arishia nguo hapana. Kombe ni chokaa, na tindikali ya ndimu na siki huila. Hirizi isiguswe na maji, wala isianikwe juani, ngozi itapasuka. Weka kwenye kitambaa cha pamba, si mfuko wa nailoni, kwani unyevu wa huku huleta ukungu. Mkitaka macho ya wataalamu, nendeni makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa.

Sasa hilo la ramli, na hapa nasema kwa uzito wote. Mpiga ramli hataishia kueleza simbi. Atatafuta aliyemroga babu, na kidole kitamwangukia bibi fulani mwenye macho mekundu. Usukumani wazee wamekatwa mapanga kwa dalili hiyo hiyo. Macho hayo mara nyingi huja baada ya miaka mingi ya kupikia kuni na samadi kwenye jiko lisilo na dirisha: moshi huunguza ngozi laini ya jicho, nayo haiponi kwa sababu kesho moshi upo tena. Kama nyumbani kwenu yupo bibi wa namna hiyo, mpelekeni kliniki ya macho wiki hii, na jiko lihamishiwe mahali panapopitisha hewa kabla ya kikao cha familia.