Maiki ya hedifoni haisikiki kwenye Linux

Kama hedifoni zinatoa sauti vizuri ila maiki yake haishiki kitu, anza na plagi yenyewe. Hesabu mistari myeusi kwenye ncha yake ya chuma: mitatu, basi ina waya wa maiki, miwili, hiyo ni hedifoni tupu na hakuna mpangilio utakaosaidia.

Plagi ikiwa sawa, fungua terminali uandike `alsamixer`. Bonyeza F6 uchague kadi ya sauti ya laptopu (si ya HDMI, wengi hukwama hapo), kisha F4 kuona sehemu ya kurekodi. Chini ya nguzo ya Capture lazima uone neno CAPTURE. Lisipokuwepo, bonyeza spesi, halafu pandisha kwa mshale wa juu. Mic Boost iache chini, ukiizidisha utapata mvumo tu.

Sasa fungua `pavucontrol` (programu ya kupanga sauti), kwenye Input Devices, badilisha Port iwe Headset Microphone. Mara nyingi mfumo umebaki kwenye maiki ya ndani, ndiyo maana unaona kipimo cha sauti kikicheza ukigonga kava la laptopu.

Port hiyo haipo kabisa? Basi draiva haijatambua kwamba tundu ni la pamoja, yaani la hedifoni na maiki. Kwa chipu nyingi za Realtek, tengeneza faili `/etc/modprobe.d/sauti.conf` lenye mstari huu:

`options snd-hda-intel model=headset-mic`

Zima na uwashe upya. Kwa laptopu ya Dell, jaribu `dell-headset-multi` badala ya `headset-mic`. Sauti ikipotea yote, futa faili hilo uwashe tena, itarudi ilivyokuwa.